Seremala Aliyepigwa Altrasaundi

"Shangazi, mtu akishindwa kupumua, wewe unajuaje pumzi imekwama wapi?"

Mtoto wa kaka yake alikuwa na miaka saba alipomuuliza hivyo, mdomo umejaa mkate. Shangazi ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka chumba cha dharura, anakofanya kazi ya utabibu. "Meza kwanza," akamwambia, "usije ukanipa kazi hapa hapa."

Kusema kweli, siku hizo jibu lake lingekuwa masikio yake tu. Aliyajivunia kuliko cheti chake. Akimsikia mgonjwa mlangoni alikwishamaliza: huyu pumu, huyu nimonia, huyu anaigiza apewe ruhusa kazini. Na mara nyingi alipatia, jambo ambalo ni baya sana kwa mtu mbishi. Mashine ya altrasaundi ilipoletwa alihudhuria mafunzo, akafaulu vizuri, kisha akaifunika shuka kama friji iliyokufa.

Mpaka alipoletwa seremala wa mtaa wa nyuma.

Aliingia asubuhi kwenye kiti cha magurudumu, amekaa wima, penseli sikioni, kifua kinapiga filimbi. Mkewe alitangulia akifungua njia kwa kiwiko.

"Ni pumu," alisema mke. "Vumbi la mbao. Nimemwambia miaka kumi."

"Ni pumu," alisema Shangazi, ambaye hata kipimo cha kusikilizia kifua hakuwa amekitoa mfukoni.

Akampa dawa ya mvuke. Haikusaidia. Akampa ya pili. Midomo ya seremala ikaanza kubadilika rangi, na kichwa kikawa kinamwangukia kifuani.

Muuguzi wa zamu, bwana mpole asiyeharakishwa hata na moto, akaisukuma mashine hadi kitandani na kuivua shuka.

"Nani kakuomba hiyo?"

"Hakuna, dada. Naitoa ipunge upepo tu."

Shangazi akaitazama ile midomo, akameza kiburi chake bila maji, akachukua jeli. Mke akamdaka mkono.

"Hiyo si ya wajawazito?"

"Inaona na mapafu, mama."

"Maana huyu ni mwanamume. Nimekaa naye miaka thelathini, nina hakika."

Seremala akatoa maneno mawili, kila moja na pumzi yake. "Mwache... apime."

Shangazi alitarajia kuona mapafu makavu, maana pumu hubana njia za hewa, haileti maji. Kwenye kioo cha mashine ikateremka mistari myeupe, kushoto na kulia, kama mvua dirishani. Maji. Akasogeza kile kidude cha kupimia hadi kwenye moyo, akaukuta unasukuma kwa uvivu wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ndipo akaitazama miguu ya mgonjwa, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imevimba, imeingizwa kwa shida kwenye kandambili za mkewe, kwa kuwa viatu vyake vilishaikataa.

Moyo ulikuwa umezidiwa, maji yakarudi mapafuni. Dawa ya pumu ikawekwa kando. Akaongezewa oksijeni, akachomwa sindano ya kutoa maji mwilini. Haikufika saa moja, seremala akawa anaomba chupa ya mkojo, kisha nyingine, kisha ya tatu. Pumzi iliporudi, matumizi yake ya kwanza yakawa kumgeukia mkewe.

"Miaka kumi unalisingizia vumbi langu."

"Nyamaza upone," akasema mke, anafuta machozi.

Muuguzi akauliza kama airudishie mashine shuka yake. Shangazi akamwambia akaitandike kitandani, ndiko kwake.

Miaka tisa imepita. Juzi mtoto yule, sasa yuko sekondari, alimkuta Shangazi uani akifua koti la kazi lenye madoa ya jeli, akamuuliza tena lile swali.

Shangazi aliendelea kusugua kola.

"Sijui," akasema. "Yule fundi nilijua, nusura nimuue. Siku hizi sijui, mwanangu, basi naangalia."