Neno la Kumtuma Mbwa

Mbwa huyo nilipewa na mume na mke Wazungu waliokuwa wakifunga shamba lao karibu na Nanyuki. Miaka ile baada ya uhuru wengi wao walikuwa wakiuza na kuondoka, na mbwa wao hawakuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mjini Nyeri, nikiishi na mama yangu katika nyumba ya shule. Yule bibi nilimfahamu kwa sababu alikuwa akituletea vitabu vya picha vya watoto. Siku aliyomleta mbwa alimshusha kwenye gari, akanikabidhi kamba, akaniambia kwamba jike huyo anajua kuketi, kulala, kungoja na kuja akiitwa.

"Kuna jambo moja hatukuwahi kumaliza kumfundisha," alisema. "Kwenda."

Sikumwelewa. Sikuwa nimewahi kuona mbwa asiyejua kwenda.

Nilikuja kuelewa nilipoanza kumpeleka kwenye mafunzo ya Jumamosi. Waliobaki katika chama cha wenye mbwa walikutana kwenye uwanja wa mpira, na mwalimu wao alikuwa mzee Mwislamu wa pale mjini, aliyestaafu kazi ya kufunza mbwa wa polisi. Alivaa glavu za ngozi, na mafunzo yakiisha alinawa kwa udongo na maji mengi kabla ya kwenda kuswali. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu niliyesomea ualimu. Wote tulimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu.

Alinieleza zoezi lenyewe. Mbwa anakaa kando ya mguu wako wa kushoto. Unatamka neno moja. Anatoka mbio moja kwa moja mbele, peke yake, bila kugeuka nyuma, mpaka ndani ya mraba uliowekewa vijiti pembeni upande wa pili wa uwanja. Hapo unamwamuru alale, naye analala.

"Hili ndilo zoezi gumu kuliko yote," Mzee alisema. "Tangu alipozaliwa anafundishwa kuwa karibu nawe. Leo unamwambia aende mbali, na bado ajue hujamfukuza."

Nikauliza anatumwa kwa neno gani.

"La Kiingereza. Mbwa wa polisi wote walijua Kiingereza."

Nililijaribu neno hilo, 'away', yaani 'nenda mbali', kwani ndilo ambalo wenyewe wa kwanza walikuwa wameanza kumfundishia. Mbwa alisimamisha masikio. Kisha akaondoka mbio, siyo kuelekea mrabani, bali hadi langoni mwa uwanja, akaketi akitazama barabara. Tulimwita. Hakuja. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta anatetemeka, macho yako kwenye kila gari linalopita. Nadhani neno lile kwake lilikuwa na sauti ya yule bibi. Nilimfunga kamba, nikarudi nikamwambia Mzee kwamba sitalitumia tena.

"Basi utatafuta lingine," alisema, kama mtu asiyeamini kwamba nitalipata.

Nilianza na 'enda', kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mama alinisaidia. Alikuwa ametoka Othaya kuja kukaa nami, na kwake mbwa ni wa kubweka na kula makombo, lakini alikubali kukaa mwisho wa shamba letu dogo la mahindi akichambua maharagwe, gunia limetandikwa kando yake na kipande cha ugali juu. Mimi namwelekeza mbwa kichwa, nasema 'enda', anakimbilia gunia, anakula, analala. Baada ya muda alikuwa akikwenda vizuri sana. Kisha akaja mwanamke muuza sukuma wiki, na Mama, ambaye hakuwa na haja ya mboga siku hiyo, akamwambia, "Enda, utarudi kesho." Mbwa akachomoka kibarazani, akapita katikati ya miguu ya yule muuzaji na kikapu chake, akalala kwenye gunia akingoja ugali. Tuliokota majani ya sukuma hadi mlangoni.

Hapo nikaanza kusikiliza mazungumzo ya nyumbani kwa sikio la mbwa. 'Enda' lilisemwa kutwa nzima, kwa kuku, kwa majirani, kwa kila mtu. 'Haya' lilianza kila sentensi. 'Songa' lilikuwa la watu wa stendi. Nilijaribu 'toka', nikajuta mara moja. Mbwa alikwenda, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kunyata, mkia chini, akigeuka kila hatua kunitazama. Mjini kwetu neno hilo mbwa hulisikia pamoja na jiwe. Sikulirudia.

Nikachagua 'mbele'. Lilikuwa na maana iliyo wazi na nilidhani si neno la nyumbani, kwa kuwa na Mama tulizungumza Kikuyu. Kumbe hata kwa Kikuyu 'mbere' ni hilohilo, na hatukuweza kusimulia jambo lolote bila kulitaja. Hata hivyo niliendelea, maana mbwa alilipenda, mpaka asubuhi moja ya gwaride la shule. Mwalimu mkuu alikuwa akiwafanyisha watoto mazoezi ya kupita mbele ya wageni wa wilaya. Alijaza kifua hewa, akatoa amri: "Mbele, tembea!" Mbwa wangu, aliyekuwa amelala nyuma ya nyumba, alikuja kama risasi, akapasua safu za darasa la nne, akavuka uwanja wote na kulala chini ya mlingoti wa bendera.

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliniita ofisini.

"Mwalimu, hiyo mbwa yako iko na shida gani?"

"Hana shida. Ametii amri."

"Amri ya nani?"

"Yako, bwana mkuu."

"Wageni wakija, sitaki kuiona hapa. Ikirudia tena, utachagua nyumba ya shule ama mbwa."

Nilitoka nikiwa na hasira, ingawa nilijua ana haki. Mama alisema jambo lenyewe si zito, mbwa tumpe mtu mmoja wa Kangari mwenye majani ya chai, akamlindie shamba. Nilimjibu kwamba mbwa huyu ameshaachwa mara moja. Mama hakulitaja tena jambo hilo.

Neno nililolitafuta lilitoka kwa Mzee mwenyewe. Jumamosi iliyofuata alikuwa akimweleza mwanamume mmoja jinsi mbwa wake alivyopinda kushoto. "Unataka afike ng'ambo ya uwanja," alisema, "si afike kwenye kibanda cha chai."

Ng'ambo. Nilijaribu kukumbuka ni lini nililisikia kwetu. Mama angesema kwa Kikuyu, majirani wangesema 'upande ile ingine'. Hakuna mtu wa gwaride, wa stendi wala wa sokoni aliyelitamka kwa kelele. Lilianza puani, laini, likaishia kwa vokali unayoweza kuivuta, na halikufanana na 'lala' wala 'njoo' wala 'kaa'.

"Mzee, nimepata neno. Ng'ambo."

Akakunja uso. "Hilo si neno la kuamrisha mbwa, Mwalimu."

"Ndiyo maana nalitaka."

Tulianza upya kabisa, kwa hatua chache tu kutoka kwenye gunia, kana kwamba hajawahi kufundishwa chochote. Nilimsubiri kila mara mpaka macho yake yawe mbele, ndipo niseme. Mvua ilipokuja tulifanya kwenye matope. Mzee hakuwa tena na ubishi juu ya neno, lakini aliukamata upande wangu dhaifu. Miaka ya kufundisha watoto wadogo ilikuwa imenifundisha kupandisha sauti mwishoni, ili darasa zima lijibu.

"Unamwuliza au unamwambia?" aliniuliza.

"Namwambia."

"Basi mwambie. Sasa hivi unamwuliza, naye hajui jibu."

Nikajifunza kulisema chini, taratibu, nikilisema peke yangu nikipika na nikifua. Mama alikuja kulijua hata yeye, na aliapa hatalitamka mbele ya mbwa. Mwishowe tuliondoa ugali, kisha gunia, kisha Mama mwenyewe kutoka mwisho wa shamba.

Mashindano ya mbwa ya chama chetu yalikuwa kwenye maonyesho ya kilimo. Ng'ombe walikuwa wakilia nyuma ya uzio, moshi wa nyama choma ukivuka uwanja, na watu wamejaa kwenye kamba iliyozungushiwa uwanja, wengi wao hawajawahi kuona mbwa akitembea bila kufungwa. Mwamuzi alikuwa Mzungu mmoja mwanamke, mzee, mwenye kofia pana. Aliniuliza nitatumia neno gani, akajaribu kulitamka, akashindwa na ile ng' ya mwanzo, akaandika tu kwamba ni Kiswahili.

Mbwa aliketi kando yangu. Niliona macho yake yakitulia kwenye vile vijiti vya mbali.

"Ng'ambo."

Aliondoka vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Alikuwa amefika katikati ya uwanja wakati mwanamume mmoja kwenye kamba, aliyedhani anashambuliwa, alipoinua fimbo na kupiga kelele, "Toka!"

Mbwa alisimama. Mkia ulishuka. Akageuka akanitazama kutoka mbali kule, na nilijua anataka nimwite. Ningesema 'njoo' angekuja mbio, na hakuna ambaye angenilaumu. Amri ya pili ingenipunguzia alama, na kama ningeisema kwa woga angesikia woga na kurudi. Nilingoja. Nilingoja mpaka alipopeleka tena kichwa mbele, kidogo tu.

"Ng'ambo," nilisema, chini, kama nilivyosema mara ya kwanza.

Akaenda. Alimpita yule mtu na fimbo yake, akaingia mrabani, na nilipomwambia alale akalala, miguu ya nyuma ikiwa nje kidogo ya mstari.

Hatukupata utepe wa ushindi. Amri ya pili na ile miguu vilitushusha chini ya waliotangulia, na mwamuzi alinieleza hivyo kwa upole. Mzee alinikuta nikimnywesha mbwa maji.

"Umesikia ulivyosema mara ya pili?" aliuliza.

"Sikusikia chochote, Mzee."

"Ilikuwa sawasawa na ya kwanza. Polisi wengi niliowafundisha hawakuweza." Kisha akavua glavu zake na kwenda kutafuta bomba la maji.

Tulirudi mwaka uliofuata, na miaka mingine baada ya huo, na utepe tulipata mara mbili. Mwalimu mkuu alipata uhamisho kabla sijachagua kati ya nyumba na mbwa. Mbwa aliyefuata baada ya huyo nilimtafutia neno jipya kabisa, kwa sababu wakati huo mpwa wangu alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo, na Mama hakuwa na habari nyingine ya kuwasimulia wageni.