Dodo ya mama mkwe wa Mbale na vidonge vyangu vya damu

Wakuu, salaam aleikum. Nikiongeza chumvi kwenye hili, mods nipigeni ban.

Mimi nauza vitenge hapa Jinja, naishi Kimaka. Mwaka huu nilipata donge la damu mguuni. Dokta akanipa warfarin, vidonge vya kuzuia damu isigande, akanionya: "Mboga za majani zina vitamini K, na hiyo inasaidia damu kuganda. Usiziache, ila usizidishe ghafla."

Rahisi, sivyo? Ngojeni.

Idd tukaenda Mbale kwa wakwe. Mke wangu alishamwambia mama yake kwamba nina ugonjwa wa damu. Basi! Kwa mama yule ugonjwa wa damu ni mmoja tu: imepungua. Na dawa yake ni dodo, yaani mchicha.

Dodo asubuhi, dodo mchana, dodo jioni na karanga. Hadi juisi ya dodo. Nani anakamua dodo, jamani?

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Kwa Wagisu, kabila la wakwe zangu, mkwe na mama mkwe hawaonani, ni mwiko. Mimi sebuleni, yeye jikoni, sahani inapita kwenye pazia. Naona mkono tu. Utauelezaje mkono habari za warfarin?

Na pembeni amekaa shemeji, mwanajeshi:

"Shemeji, wewe nakataa chakula ya mama?"

"Hapana, afande."

"Basi kula. Hiyo ni amri."

Siku moja afande alipotoka, dodo yote nikampa mbuzi aliyekuwa nje ya dirisha. Mama akadhani nimemaliza, mkono ukaleta sahani ya pili. Mbuzi naye akabaki dirishani anapiga kelele anataka tena. Mshenzi yule!

Kurudi Jinja, mguu ukavimba. Niliogopa wakuu, sifichi. Test ikaonyesha dawa imezidiwa nguvu. Dokta alicheka niliposimulia, halafu akakunja uso: "Donge likipanda mapafuni, mkeo ni mjane." Akapanga dozi upya.

Ilibidi mama aambiwe. Ukoo ukakaa kikao kuamua kama simu ni kuonana. Wakaruhusu, mradi isiwe ya video.

Nikamweleza yote. Akasema kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo mwanangu, nilikuwa nakuua?"

"Kidogo tu, mama."

Alicheka huku analia. Na mimi vilevile.

Somo: kama unatumia dawa hii, usikimbie mboga wala usizifakamie. Kula kiasi kilekile, na anayekupikia ajue ukweli wote, si nusu.

Wenye wakwe wa namna hii, tiririkeni hapa chini.

Mimi naenda kula. Kila wiki basi la Mbale linaniletea dodo, vifungu vyote saizi moja. Afande anasema mama hamruhusu mtu kuvigusa, anavipima mwenyewe kwa mkono. Mkono uleule.