Niliua gearbox ya drag car ya bro nje ya kanisa, ikabidi tujenge ingine ya kuvumilia

Wakuu salamu, hata wewe unayesoma hii ukiwa prep ya usiku shuleni, simu umeificha ndani ya atlas. Hapa sijaongeza chumvi. Matiliku nzima, kwetu, ni shahidi.

Nianze na ujinga wangu.

Bro yangu Kyalo ana drag car, gari ya mbio fupi za barabara iliyonyooka. Six cylinder, turbo kama sufuria ya harusi, gearbox automatic. Jumapili moja alinipa ufunguo niitoe tu kwa jua, hapo nje ya kanisa. Vijana wa youth walikuwa wanaangalia.

Nikaweka neutral. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Halafu nikarusha lever kwa D.

KO!

Engine ikaendelea kunguruma. Magurudumu, zii. Ndani pastor alikuwa amesema watu wafumbe macho, na wote wakafungua.

Gari ya nguvu hizo zote ilirudi nyumbani ikivutwa na ng'ombe wa plau wa Mwaitu, mama yetu. Hao ng'ombe nimewabatiza Principal na Deputy. Kilima chote, Deputy akianza kuchechemea, watoto wakishangilia nyuma. Mwaitu alitembea mbele ameshika kamba.

Kyalo hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mutuku, hii ni gearbox ya tatu. Ingine ikivunjika, nauza gari."

Hiyo gari anaijenga tangu nikiwa nursery. Nikaapa haitauzwa juu yangu. Likizo yote nikahamia chini yake.

Tulipoifungua, mafuta ya gearbox, ambayo huwa mekundu, yalikuwa meusi, yananuka kama sufuria ya muthokoi, mahindi na maharagwe, iliyoungua. Clutch plates zimekaangwa, shaft imekatika.

Kuna mtu hapa ataandika "wekeni manual." Boss, tulia. Kwa drag, auto inabadilisha gia bila turbo kupoteza pumzi. Shida ni kuchagua ya kuhimili.

Kyalo alitaka ile mpya ya gia sita. Abdi, muuza spare wa Kitui, akamcheka.

"Ndugu yangu, gia sita za nini? Mbio yako inaisha kabla ufike ya nne."

Akatutolea ya gia nne, ya zamani, ya pickup. Shaft nene, computer kidogo, na inashika kwa engine yetu. Kyalo akaacha rims zake za chrome hapo kama malipo, karibu alie.

Halafu tukaanza kuitia nguvu. Clutch plates mpya, na nyingi kuliko za kiwandani. Nikaziloweka kwa mafuta usiku kucha, ndani ya beseni ya Mwaitu ya kuoshea mboga (msimwambie). Tukapandisha pressure kwa valve body, pale mafuta yanapoelekezwa kwa kila gia, ili gia ishike mara moja, isiteleze. Mbele tukafunga cooler kubwa ya kupoza mafuta, kwa sababu joto ndilo huua auto, hata kabla ya wajinga kama mimi.

Siku ya kuirudisha, Kyalo alikuwa na haraka. Torque converter, ile ngoma inayounganisha engine na gearbox, lazima iingie hadi mwisho, isikike ko, ko, ko. Mimi nilisikia mbili.

"Haijakaa," nikasema.

"Wewe ndio wa kuniambia? Kaza bolt!"

"Sikazi. Tukikaza hivi tunapasua pump, na wewe unauza gari."

Akanitazama kama anataka kunitupa hadi milima ya Kilungu. Nikasukuma nikizungusha, jasho machoni. Nikazungusha tena.

Ko.

Kyalo akanipa spana.

Mbio zilikuwa karibu na Migwani, barabara imefungwa rasmi. Mwaitu alikuja pia, eti kuhakikisha hakuna ng'ombe ataitwa. Kyalo akashika brake, akapandisha turbo, akaachilia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikishika kama kofi. Fainali tulipigwa na jamaa wa Machakos, kwa pua tu. Lakini gearbox ilikuwa kavu, hakuna tone chini. Kyalo akasema, "Haiuzwi." Nikaenda nyuma ya gari kukohoa kidogo. Vumbi.

Funzo: usinunue gia nyingi, nunua mwili. Peleka joto nje. Na usirushe N kwa D ukitafuta makofi ya youth.

Wenye auto za nguvu kubwa, nyinyi mnatumia gani, na imeshawavunjikia wapi? Tupieni hapa, matusi pia napokea.

Tulipofika nyumbani nilingoja sifa kutoka kwa Mwaitu. Akainama, akachungulia chini ya gari, akafuta mikono kwa leso. Akasema:

"Gari yenu imepona. Ng'ombe wangu bado. Chukua jembe, ukalime wewe."