Fundi Waliyempakia Kama Gunia

Wiki iliyopita tulimzika fundi wa magari wa Omurushaka, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi mtamkumbuka, maana niliwahi kumsifu hapa hapa kwenye safu hii. Tulimzika kwake Mabira, pembeni ya migomba yake, nami nikarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Nimeudhiwa na maneno yaliyosemwa pale kaburini, na zaidi nimejiudhi mwenyewe.

Tulijuana kwa sababu ya gari moja. Mfanyabiashara wa vitenge pale mjini alirithi kwa baba yake gari la mbio la zamani, la milango miwili, akataka lishinde mashindano yetu ya Jumapili, yale ya kukimbiza magari mawili mawili kwenye kipande cha lami kilichonyooka. Fundi akamwambia injini haina neno, tatizo ni uzito. Akaanza kulivua. Alitoa viti vya nyuma na mikanda yake, zulia, redio, tairi la akiba na bampa zote mbili. Vioo vya nyuma akaviondoa, akaweka plastiki. Hata ule utando mweusi wa kuzuia kelele uliogandishwa sakafuni aliubandua kwa patasi siku mbili nzima. Kila alichokitoa alikitia kwenye gunia akakipeleka ghalani kwenye mizani ya kahawa, kwa kuwa hakupenda kubahatisha, na karani akawa anamtania kwamba kahawa yake haijakauka vizuri. Mwenye gari alipolalamika kuwa bado ni zito, fundi alimtazama tumboni akasema, "Bosi, mimi nimemaliza. Kilo zilizobaki umezibeba wewe." Hayo niliyaandika, mkacheka. Sikuandika kwamba siku ile ile aliambiwa autoe na mkanda wa dereva, akagoma kabisa.

Jumapili ya mashindano gari lilikuwa jepesi mno upande wa nyuma. Dereva, ambaye ni mwenye gari mwenyewe, alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka pale pale na kutoa moshi. Fundi akasema tungoje kidogo, aletewe gunia la mchanga alifunge kwa kamba juu ya ekseli ya nyuma. "Watu wanasubiri, fundi," akajibiwa. "Panda wewe nyuma uliongezee uzito." Hakuna aliyeshangaa. Kwetu masika, pikapu ikiteleza kwenye mlima wa tope, abiria wanaruka nyuma kuikandamiza, na aliyebaki chini anaonekana mvivu. Tumelelewa hivyo. Watu wakaanza kupiga makofi, "Panda, fundi, panda!" Mimi nilikuwa miongoni mwao, na sauti yangu haikuwa ndogo. Akapanda, akachuchumaa kwenye bati tupu.

Gari lilishinda. Lilipofika mwisho wa lami likayumba wakati wa kufunga breki, likabiringika mtaroni. Dereva alitoka na mchubuko kidevuni, kwa sababu ya ule mkanda aliotaka utolewe. Fundi tulimkuta nje, hatua kadhaa nyuma ya gari, na hakusema neno tena.

Halafu kaburini mwenye gari akasimama, akafuta uso kwa leso, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Mungu gani jamani? Mungu ndiye aliyeona taabu kungoja gunia moja la mchanga? Gunia lenyewe lingefungwa kamba! Tuna tabia mbaya ya kumtupia Mwenyezi uzembe wetu, hasa anapokufa mtu wa mikono michafu na aliyekosa anakuwa mtu wa kusalimiwa shikamoo. Mafundi wetu tunawaita kila tunapokwama, tunawasifu kwa ubunifu wao, kisha ikifika saa ya hatari tunawaweka mahali ambapo tusingemweka mwana wetu. Nami nimo, maana nilikuwa na kalamu na nikaitumia kuchekesha watu.

Watu walipoanza kutawanyika mjane wake aliniita. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, sauti imemkauka. "Waitu, ndugu yetu, wanasema na wewe ulikuwepo. Pale nyuma alipokaa, alikuwa ameshika nini?" Nikamwambia poleni sana mama, nikainamisha kichwa, nikaondoka kama mwizi. Leo namjibu mbele yenu wote. Mama, hakuwa ameshika kitu. Hapakuwa na cha kushika, sote tuliona, na bado tulimwambia apande. Ndugu zangu, kabla hujamwambia mwenzio apande mahali, kwanza panda wewe, ukae, utafute pa kushika. Ukipakosa, mwambie ashuke, hata kama watu wote wanapiga makofi.