Mbegu ya Kumi

Nilipokuwa darasa la tano huko Kibuyuni, nyumbani kwetu palikuwa na vitu vya kuhesabiwa na vitu vya kuachwa. Kamba za mwani Bibi alizihesabu kwa sauti kila maji yalipokupwa. Kunde za kupanda hakuzihesabu. Alizichota kwa kiganja, akazitia katika kifuu cha nazi, akamimina maji huku ameangalia pembeni. Kesho yake asubuhi alizipanda bila kujua ni ngapi.

"Mbegu iliyomo majini haihesabiwi," alisema. "Ukiihesabu, moja itabaki."

Itabaki wapi, hakusema. Nami nilikuwa na sababu ya kutaka kujua. Mama alikuwa Saudia, kwenye kazi za nyumbani, kwa mkataba wa miaka miwili. Nyuma ya mlango wa chumba nilikuwa nikichora mstari wa mkaa kila siku ilipopita. Bibi aliiona mistari ile, akaifuta kwa kitambaa kibichi.

"Aliye safarini naye hahesabiwi siku," alisema.

Niliendelea kuhesabu kichwani.

Yeye mwenyewe alikuwa na jambo lake. Kila mwezi ulipoandama, alichukua kunde moja kavu akaitia katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha. Nilimuuliza ni ya nini.

"Ya mke mwenza mdaku," alinijibu. Ndivyo alivyoniita alipotaka nicheke na papo hapo ninyamaze.

Muhula wa pili, Mwalimu Kilonzo, ambaye alitoka bara na alikuwa mgeni kwetu, alitaka tufanye jaribio. Kila mmoja alete mbegu. Kumi zitarowekwa usiku kucha, kumi zitabaki kavu, kisha zote zilazwe juu ya pamba yenye unyevu. Tutaandika kila siku ngapi zimeota.

Bibi alinipa kunde kutoka kwenye kibuyu. Mama ndiye aliyezichuma kabla ya kuondoka, na zilikuwa zimebaki chache.

"Kavu zihesabu utakavyo," alisema. "Za kuroweka, chota tu."

"Mwalimu amesema kumi, Bibi."

"Mwambie kwetu hatufanyi hivyo."

Nilimwambia. Mwalimu aliinama kuzitazama kunde zangu kwa makini, kama daktari.

"Kwani zina masikio?"

Darasa likaangua kicheko. Nyuma yangu mtu akasema, "Angalia, zisije zikakimbia!" Basi nikazihesabu kwa sauti, moja moja, mpaka kumi, nikiziangusha ndani ya glasi ya maji. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kosa, nikaongeza langu moyoni. Zikiota zote kumi, Mama atarudi siku ile ile niliyoihesabia.

Siku ya tatu, tano kati ya zilizorowekwa zilikuwa zimetoa mzizi. Kavu hazikuwa zimefanya lolote. Siku ya nne zilizorowekwa zilifika tisa, kavu mbili. Mwalimu alifurahi. Alitueleza kuwa maji hulainisha ganda, mbegu ikaamka mapema. Mwisho wa juma kavu nazo zilikuwa nane. Yangu ya kumi ilikuwa imevimba tu, imelala kwenye pamba.

"Tisa kwa kumi! Safi sana," alisema, akanitilia alama ya vema kwa wino mwekundu.

Nilirudi nyumbani nimeifumbata mbegu ile. Bibi alikuwa uani, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Nilisahau hata kumwamkia.

"Nilizihesabu," nilimwambia.

"Nilijua."

"Moja imebaki. Mama harudi."

Aliiweka kamba chini. Aliichukua mbegu, akaigeuza kwa kidole gumba.

"Mimi nilisema itabaki," alisema. "Nilisema itakufa?"

Nyuma ya jiko alikuwa na tuta alilopanda kunde asubuhi ile. Akaifukia humo humo, katikati ya zile nyingine. "Na usichungulie," alisema. Baada ya siku chache tuta zima lilikuwa kijani, nami sikujua yangu ni ipi, wala kama imo.

Mama hakurudi siku niliyoihesabia. Mwajiri wake alimtaka aongeze muda, akaongeza. Alirudi miezi minane baadaye. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinipa mkono kama mtoto wa jirani, akamuuliza Bibi niko wapi.

Siku hizi mimi ni mwandishi wa habari, napanga nyumba Ukunda. Nikimpelekea mhariri taarifa, swali lake la kwanza ni "wangapi?" Nimezoea kumjibu. Najua mbegu moja kati ya kumi kutoota si ajabu, na kwamba mkataba wa Saudia haukuwa na habari na kunde za Kibuyuni. Hata hivyo mtu wangu akisafiri, siku zake sizihesabu.

Bibi alifariki mwaka jana. Katika sanduku lake, chini ya kanga, tulikuta ile chupa ya dawa ya kikohozi. Mama alizimwaga kunde juu ya ungo.

"Alikuwa akiziweka za nini?"

Nikamweleza habari ya mwezi kuandama. Akaanza kuzihesabu, akisukuma moja moja kwa kidole. Alipopita ishirini na nne, kidole kikasimama. Zilizosalia hakuzigusa.

"Kumbe alikuwa akihesabu," alisema.

"Alihesabu kavu, Mama. Kavu hazina neno."

Alicheka, kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso. Akazikusanya zote kwenye kiganja changu, akasema nizipeleke kwangu nizipande, maana yeye hataweza.

Jioni ile, Ukunda, nilizitia katika bakuli. Nilimimina maji huku nimeangalia ukutani. Asubuhi nilizipanda katika ndoo mbili mbovu barazani. Zilikuwa kunde za zamani, sikutarajia mengi. Kila nilipozimwagilia nilitamani kumsikia mtu akiniambia nisichungulie.

Baada ya wiki Mama alinipigia simu. Hakuanza na salamu.

"Zimeota ngapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya ndoo. Nikageuza uso.

"Zimeota, Mama," nilimwambia. "Njoo uone."