Mawese kwenye shingo ya gitaa

Kazi nzima ilinigharimu shilingi mia tano na hamsini: siki mia tatu, majani ya chai mia moja, mawese mia moja na hamsini. Nimejumlisha mara mbili. Misumari yenye kutu niliiokota.

Gitaa halikuwa langu. Lilikuwa la Mkongomani mmoja, mkimbizi, aliyetoka kambini na kibali cha siku nne. Alinikuta mtaani Kasingirima, kwenye meza yangu ya vitu vilivyotumika. Mwenye bendi moja ya mjini angemsikiliza siku ya mwisho ya kibali, ila alikuwa ameshamwambia: gitaa lililopauka hivyo halipandi jukwaani. Angepata nafasi, asingerudi tena kambini kupanga foleni ya mahindi ya msaada.

"Mukubwa," akaniambia, "pale vidole vinapobonyeza nyuzi, unitilie weusi."

Dawa naijua. Ndiyo niliyokuwa nikigeuzia vigoda vya mti mweupe kuwa "mpingo" kwa watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Nikaloweka misumari kwenye siki siku mbili. Siku ya tatu tukavua nyuzi, nikapaka chai kali, ikakauka, nikapitisha ile siki. Mti ukawa mweusi mbele ya macho yetu. Jamaa akacheka, na kwa uchovu aliokuwa nao nilihesabu kile kicheko kuwa malipo.

Ila ulikuwa mweusi mkavu, kama mkaa. Ulitaka mafuta. Vigoda huwa navimalizia kwa dawa ya viatu, lakini hiyo ingechafua vidole. Fundi seremala akanishauri mafuta ya kitani, yanayokaukia kwenye mti. Dukani wakataka elfu moja, nikawashusha hadi mia nane, bado nikaona wananiibia. Mji umejaa michikichi, mimi ninunue mafuta ya elfu? Nikapaka mawese, tukarudisha nyuzi. Yaking'arisha ugali, yatashindwa ubao?

Kesho yake, Bangwe, bendi inakofanyia mazoezi, jua la saa tisa. Mawese hayakauki, nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile sikulikumbuka. Vidole vikateleza, nyuzi zikalia ovyo, kifua cha shati lake jeupe, alikokuwa akifutia vidole, kikawa chekundu. Mwenye bendi akawageukia wenzake:

"Huyu anapiga gitaa au anakaanga migebuka?"

Walicheka wote. Jamaa hakumaliza wimbo.

Nilimsindikiza stendi. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alinipa gitaa tu. "Unitunzie. Kule kambini litaibwa." Gari likaondoka naye.

Baadaye watu wa kule walirudishwa kwao, kundi baada ya kundi. Yeye hakupita kulichukua. Niliulizia mara mbili, nikachoka. Gitaa liko ukutani kwangu, bado linanata, na wateja wawili wameshalitajia bei. Bei nzuri.

Nyinyi mnaojua mambo ya amana, nishaurini: mtu akikwambia umtunzie, nawe ndiye uliyemharibia, unatunza miaka mingapi?