Risasi za Yule Mnene

Asubuhi ya mwisho tuliyoamka pamoja kama siku zote, Anfesia aligombana na jiko. Kuni zilikuwa mbichi. Akapuliza, akakohoa, akasema jiko hili na mume wangu wamezeeka pamoja, wote wawili hawawaki bila teke. Akanimiminia chai. Tukala biskuti ngumu na samaki mkavu wa kuchovya kwenye mafuta ya sili. Nje mvua nyembamba. Akavaa koti, akachukua chupa ya matunda ya porini ampelekee jirani. Hakufika. Alianguka njiani, karibu na kanisa. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Siku ya tatu tulimzika. Watu walikuja kutoka vijiji vya upande huu wote wa kisiwa chetu cha Kodiak. Walikula, wakamsifu. Kila aliyesimama alisimulia habari ile ya kambini. Mmoja alisema alimwangusha mnyama kwa risasi moja. Mwingine alisema alifumba macho akafyatua, Mungu akaelekeza. Msiba si mahali pa kubishana. Lakini si kweli, na yeye uongo hakuupenda. Naandika ilivyokuwa. Nilikuwepo, hatua kumi nyuma yake.

Alizaliwa ghuba ya pili kutoka hapa, kijiji ambacho baadaye bahari ilikibeba. Baba yake alizama yeye akiwa na miaka tisa. Toka hapo alivuta nyavu na mama yake kama mwanamume. Alipokuja kwangu alikuja na sanduku moja, kisu cha kupasulia samaki, na tabia moja: hakuamini kitu mpaka akijaribu. Buti mpya alizijaza maji kwanza aone kama zinavuja. Kamba mpya aliifunga kwenye jiwe akaivuta mpaka viganja vikachubuka. Mimi alinijaribu miaka miwili ndipo akakubali.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, la sivyo hamtanielewa. Sisi yule mnyama hatumtaji. Anasikia, hata akiwa juu mlimani kwenye theluji. Ukisema unakwenda kumwinda, ameshajua, na atakungoja. Ninyi mnamwita dubu. Nimeliandika mara moja, silirudii. Kila nyumba kwetu ina jina lake la kumzungukia. Kwa kina mama yake Anfesia walisema "yule mnene." Nyumbani kwetu tulisema "yule wa juu." Tofauti hiyo ndogo nusura ituue.

Mwaka wa habari ile tulikuwa kwenye kambi yetu ya uvuvi, kwenye mdomo wa mto, mwisho wa Agosti. Mimi nilikuwa natembelea gongo. Boti ilikuwa imenibana paja kwenye mwamba, na bunduki yangu ndefu ikazama siku hiyohiyo. Tulibaki na ile ya marisau, ya kupigia bata. Kwenye banda la kukaushia samaki kwa moshi zilining'inia samoni mia mbili na kitu. Ndicho kilikuwa chakula chetu cha majira yote ya baridi. Mwaka uliotangulia samaki walikuwa wachache, tukaimaliza Kwaresima nzima kwa chai na mkate. Watoto walikuwa bado nyumbani wakati ule, watatu, wameachwa kijijini kwa bibi yao. Anfesia alikuwa amewaahidi kuwa mwaka huu hawataona njaa.

Yule akaja. Mchana kweupe, tunakunywa chai. Tukasikia ubao unang'oka. Alikuwa ameingiza kichwa na mabega bandani, makalio nje, mapana kama mlango wa kanisa. Anfesia akatoka na sufuria mbili akazigonganisha. Yule akatoka taratibu, samaki mdomoni, akamtazama, akaondoka bila haraka. Alikula thelathini.

"Huyu atarudi," nilimwambia. "Tuache samaki. Mdogo wangu akija na boti twende zetu nyumbani."

"Tukale nini huko?"

"Mungu atajua."

"Mungu ameshanipa samaki mia mbili. Nikimwachia yule, nitarudi kwa Mungu kuomba nini tena?"

Akaichukua bunduki, akatoa ganda la risasi, akalitikisa sikioni. "Haya marisau ni ya bata. Nikimpiga nayo nitamtekenya tu. Nataka madonge."

Donge ni risasi moja nzima, kubwa kama kidole gumba, moja katika ganda, badala ya punje nyingi. Hutoka kwenye bunduki ileile.

Jioni hiyo Nikanor, mdogo wangu, alipita na boti yake. Alikuwa amekaa miaka kumi na tano kwenye meli za watu, ndiyo kwanza amerudi. Mimi nilikuwa nimelala kwa maumivu. Anfesia akamwagiza dukani kwenye kiwanda cha samaki, safari ya siku nzima. Akamwambia, "Shemeji, niletee madonge ya yule mnene." Nikanor akasema sawa.

Alirudi kesho yake, anacheka, na boksi. Anfesia hakumshukuru. Alianza kujenga.

Alichukua sanduku la samaki akalijaza ukoka uliolowa maji. Nyuma yake akapanga magunia yaliyolowa, tabaka juu ya tabaka. Nyuma ya magunia akasimamisha mfupa wa bega la simba wa bahari, yaani sili mkubwa, aliouokota pwani, mpana kama sinia. Nyuma ya mfupa, gogo.

"Dada, unafanya nini?" Nikanor akauliza. Alimwita dada akiona hasira inakuja.

"Mafuta yake hayo. Nyama yake hiyo. Mfupa wake huo." Alikuwa anaelekeza kwa mtutu. "Kaa pembeni."

Akarudi hatua ishirini, akapiga. Sanduku likaruka. Tukaenda kuangalia. Mfupa ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Donge tulilikuta katikati ya magunia, limebonyea, bapa kama kifungo cha koti. Akapiga la pili. Hilo liliugusa mfupa, likaacha doa jeusi, basi.

Akaliweka lile donge kiganjani akalibonyeza kwa kucha. Kucha ikaingia. "Risasi laini kama siagi. Shemeji, dukani ulisema nini?"

"Nilisema madonge ya paa."

"Ya nani?"

"Si ulisema yule mnene? Nami juzi nilikusimulia yule paa dume, kwamba ana mafuta mpaka anatingishika. Nikajua unamtaka huyo."

Anfesia akakaa juu ya gogo. Niliona anakaribia kulitamka lile neno. Mdomo ulifunguka. Akaufunga.

"Yule wa juu," nikamwambia Nikanor mimi.

Nikanor akaacha kucheka. Akautazama mfupa, akalitazama banda lenye ubao uliong'oka. "Sasa mngeniambia kwa lugha ya nyumbani kwetu."

"Na wewe ungeuliza," Anfesia akasema. "Umezunguka dunia nzima umerudi na mdomo tu, masikio umeyaacha kwenye meli."

"Basi nikirudi dukani nimwambie nini yule mtu? Nimtaje?"

"Usimtaje." Akaenda kuuchukua ule mfupa, akampa. Juu yake akaweka donge bapa. "Mpe hivi. Mwambie hili halikuupita. Nataka litakaloupita."

"Ataniona mwendawazimu."

"Hilo ameshaliona mara ya kwanza. Nenda."

Bahari ilichafuka, Nikanor akakwama huko dukani siku mbili. Siku ya kwanza yule mnene alikuja ng'ambo ya mto, akakaa, akatutazama kama mtu aliyefika mapema harusini. Siku ya pili alivuka mpaka katikati, maji yakimfika tumbo. Anfesia alisimama na bunduki yenye madonge ya paa. Alijua hayatoshi. Alisimama. Nikamwambia aingie ndani. Akasema akiingia yeye, yule atavuka. Alisimama mpaka miguu ikavimba ndani ya buti, na yule akarudi alikotoka.

Nikanor aliporudi na mfupa alisimulia kwamba mwenye duka aliushika mfupa, akaugeuza, akalitazama donge. Hakuuliza kitu. Alipanda ngazi akashusha kiboksi kutoka rafu ya juu kabisa. Madonge matano, hayakuwepo mengine. Yalikuwa mazito, yana mikunjo ubavuni, na pua butu. Anfesia akabonyeza kwa kucha. Kucha ikapinda.

Akaanza kujaza sanduku ukoka.

"Dada, yapo matano tu," Nikanor akasema. "Unataka kuharibu moja?"

"Nikiharibu moja nitayajua manne. Nisipoharibu nitakuwa na matano nisiyoyajua."

Akapiga. Bunduki ilimsukuma mpaka akarudi nyuma. Ukoka umetawanyika, magunia yana tundu moja lililonyooka, na mfupa umevunjika vipande viwili. Donge tulilichimbua kwa kisu ndani ya gogo, kina cha upana wa kiganja. Lilikuwa limechubuka pua tu. Anfesia aliyafuta yale manne kwa kitambaa, akayaingiza moja moja.

Nikanor akaondoka kwenda kuwaangalia watoto. Kesho yake asubuhi, maji yamekupwa, yule alivuka.

Anfesia alikuwa anageuza samaki. Akatoka na bunduki, akasimama kati ya yule na banda. Mimi nilikuwa mlangoni pa kibanda na gongo langu, sina faida yoyote. Alizungumza naye kwanza, kama tulivyofundishwa, bila ukali. "Mzee, pita zako. Mto umejaa wa kwako. Hawa ni wa watoto wangu."

Yule akasimama kwa miguu miwili, akanusa. Akashuka. Masikio yakalala nyuma, na akaja.

Watu hudhani unapiga kichwa. Kichwa chake kimeinama, na mfupa wake mnene, risasi inaweza kuteleza juu. Anfesia alikuwa ameniuliza usiku mmoja ampige wapi, nikamwambia bega, amvunje mguu wa kukimbilia, na asiache kupiga mpaka yule aache kuja. Hatua thelathini, la kwanza. Bega likavunjika, akageuka mzima kama mlango uliokatika bawaba, akauma ubavu wake mwenyewe. Akainuka na kuja tena kwa miguu mitatu. Anfesia akakoki. La pili likaingia kifuani chini ya kidevu, hatua kumi na tano. Alipunguza mwendo, hakusimama. Anfesia hakurudi nyuma hata unyayo. La tatu, hatua tisa. Nilizipima baadaye kwa gongo. Yule aliangukia mdomo kwenye changarawe, akateleza kidogo, akatulia.

Kwa hiyo ni matatu, na macho yalikuwa wazi.

Nikanor alirudi jioni, tukamchuna. Donge moja hatukuliona kabisa, lilipita likatokea upande wa pili. Jingine lilikuwa chini ya ngozi ya kiuno. Lilikuwa limemvuka mwili wote, mafuta, nyama na mifupa, na bado ungelitambua. Yale ya paa yangeishia kwenye mafuta. Sisemi hivyo kwa kubuni, mfupa wa simba wa bahari ulisema. Serikali ilichukua ngozi na fuvu, ndiyo sheria yao. Nyama ilinuka samaki. Nikanor akasema tumewala samaki wetu thelathini kwa njia ndefu.

Ubao tuliurudisha. Samaki walitufikisha mpaka Pasaka, na wiki moja mbele. Mwanetu mdogo alifikia kusema amechoka na samoni, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

Kuna kitu nimekiruka. Kwenye msiba hakuna aliyekisema kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekisikia. Yule alipotulia nilijikokota kwenda kumwondoa Anfesia pale. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. Bunduki bado begani, donge la nne ndani, kidole mahali pake. Nikamwambia, njoo mama, ameshakufa. Hakugeuka. Akasema:

"Atakuwa amekufa nikihesabu nikafika mia. Niko thelathini na mbili. Usinisemeshe, nisije nikaanza upya."